Ukiinua Mkono, Tunasimama

Usinitajie Daktari Elkanah leo. Usinitajie kabisa! Mkenya mwenzangu, ndiye aliyeniingiza kazi ya msaidizi wake katika kliniki hii ya meno ya watoto hapa mtaa wa Phillips, ughaibuni, na ndiye aliyenifundisha sheria ya mkono: mtoto akiinua mkono, kila kitu kinasimama, hata kama sindano imeshafika mdomoni. "Velma," alikuwa akiniambia, "hawa watoto wanachoogopa zaidi ni kwamba hakuna atakayewasikiliza." Nami nikamwamini kwa moyo wote.

Basi akaja Rachelle, miaka sita, na mama yake, Donatille, Wakongo waliofika kutoka kambi ya wakimbizi mwaka jana, 2015. Gego limeoza, shavu limefura, usiku halali, na hataki kuguswa. Tangu akiwa mdogo, akikataa chakula au akililia kitu, mama alimtisha: "Nitakupeleka kwa docteur akupige sindano!" Sasa amempeleka kweli, na mtoto hajui amekosa nini. Asingefungua mdomo kwetu, ingebidi asubiri hospitali kubwa wamlaze usingizi, na foleni ya huko ni ya miezi. Miezi, jamani, na usaha mdomoni!

Nikamchukua polepole. Siku ya kwanza tulipandisha kiti na kukishusha tu. Siku nyingine nikampaka kwenye ufizi ile dawa ya ganzi yenye ladha ya stroberi, nikamwonyesha ninavyotikisa shavu ili mchomo usisikike sana. Sindano yenyewe nikamwonyesha pia, maana mimi sifichi.

"Itauma?" aliniuliza kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa hapa.

"Kidogo," nikamjibu kwa Kiswahili. "Lakini ukiinua mkono, tunasimama."

Akajaribu. Nikaganda, kioo cha meno hewani. Akajaribu tena, nikaganda tena, akacheka mpaka akashika shavu lake linalouma.

Siku ya kung'oa nikamshika mama yake mlangoni. "Mama Rachelle, nakuomba, usimshike mtoto." Nilijua desturi ya kambini: mama anabana mikono, muuguzi anadunga, mambo yamekwisha. Kwao huko ndiko kumpenda mtoto.

"Sawa, dada," akasema.

Rachelle alifungua mdomo mwenyewe. Haki ya Mungu, nilitaka kupiga vigelegele! Nikampaka dawa, nikaanza kutikisa shavu, daktari akaleta sindano. Hapo mkono ukainuka, taratibu tu, kama wa mwanafunzi anayetaka kuuliza swali.

"Simama kidogo, daktari," nikasema.

Mama akaruka kutoka kitini, akaudaka ule mkono, akaukandamiza kifuani mwa mtoto. "Piga, docteur! Nimemukamata!"

Na Elkanah akapiga. Alinisikia vizuri kabisa, akanitazama usoni, akapiga. Rachelle alikuwa akilia na macho yake yalikuwa kwangu mimi, si kwa mama yake.

Jino likatoka. Mama akanikumbatia, akaniombea baraka. Koridoni nikamkabili Elkanah.

"Ulimdanganya kwa mdomo wangu!"

"Si jino limetoka?" akasema, akivua glavu. "Watoto wamejaa huko nje, Velma. Atasahau."

Yaani nilifanywa chambo. Mtoto alifungua mdomo kwa ahadi yangu, na mwenye kuitunga ahadi hiyo akaikanyaga mbele yangu. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Wiki iliyopita Rachelle alirudi kuzibwa jino lingine. Nilijiandaa kwa makelele, na kusema kweli ningeyafurahia. Akapanda kitini kimya, akalala. Nikamwinamia. "Rachelle, unakumbuka ule mkono?"

Aligeukia upande wa mama yake, akamnyooshea mikono yote miwili, ashikwe.

"Umeona?" akasema Elkanah, akivuta sindano karibu. "Nilikwambia atasahau."