Lundo Lilikuwa Bado Moto

Wewe umewahi kusimama pembeni ukamwacha mtoto abebe kosa lako, huku unakung'uta mikono kana kwamba kinachokusumbua ni vumbi? Mimi nimewahi. Na mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu.

Tunamwita Katibu, maana anaandika kila kitu. Akitumwa dukani anaandika, kuku akitaga anaandika. Ana miaka kumi na miwili, na shuleni kwao ndiye aliyekuwa kiongozi wa bustani: anapanga zamu na kutunza keni ya kumwagilia. Nimemlea tangu ana miaka minne. Mboji ameijulia uani kwangu, akichuchumaa ubavuni mwangu na kuuliza maswali mpaka kichwa kiniume.

Mwalimu wao wa sayansi, kijana mwembamba mwenye haya, alinifuata nyumbani. Alisema maganda ya jikoni pale shuleni yanachomwa pamoja na plastiki nyuma ya vyoo, moshi unaingia madarasani, na udongo wa bustani umechoka, umekuwa mgumu kama sakafu. "Tumesikia Bibi ni fundi wa mboji. Njoo utufundishie watoto." Nilijifanya nafikiria. Moyoni nilishakubali kabla hajamaliza chai.

Mimi niliishia shule ya msingi. Nilipoingia darasani, watoto arobaini na wawili wakasimama wakasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikatamani kugeuka nione ni nani aliyeingia nyuma yangu.

Nikawafundisha kama ninavyojua. Chini vijiti, hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha maganda ya viazi na ya ndizi, majani ya chai yaliyochujwa, maganda ya mayai ya kupondaponda, halafu udongo kidogo. Rudia mpaka lundo lifike kiunoni. Maji ya kulowesha tu. Ukikamua kwa ngumi yasitiririke. Plastiki kando, mifupa kando. Watoto wakaleta pakiti tupu za maziwa kutoka makwao, tukazitoboa chini, tukaoteshea miche ya nyanya. Sitini, kwa hesabu ya Katibu. Mwisho nikachomeka kijiti kirefu katikati ya lundo.

"Hiki ndicho kipimo chetu," nikawaambia. "Ukikichomoa kikiwa moto, lundo bado linafanya kazi. Kikitoka cha baridi, na lundo likinukia kama udongo baada ya mvua, limeiva."

"Na likinuka kama soksi?" akauliza mmoja wanayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki.

"Hapo tutajua uko jirani." Darasa likacheka, nikajiona mwalimu kamili.

Kwa raha ile nikaahidi kwamba baada ya miezi miwili tutapanda, na siku ya wazazi bustani itakuwa ya kijani. Mwalimu akawaandikia wazazi. Lakini mvua ilikuwa nyingi, lundo likalowa likazubaa, na mgongo wangu haukuniruhusu kuligeuza mara nyingi kama inavyotakiwa. Wiki ya saba, watoto wakiwa darasani, nikachanganya humo gunia zima la samadi mbichi ya kuku ili kulichochea. Samadi ile ilihitaji wiki nyingi zaidi. Sikuwa nimesahau. Nilijipa matumaini tu.

Ijumaa ya kupanda nikachomoa kijiti mbele yao wote. Nilikuwa nimetanguliza pindo la kitenge mkononi, na hata hivyo joto likapenya, kama umeshika kikombe cha chai. Harufu ikanipiga puani, kali, ya bandani. Mwalimu akauliza, "Vipi, Bibi, imeiva?"

"Imeiva," nikasema.

Katibu akanyoosha mkono akakigusa kijiti. "Bibi, mbona bado moto?"

"Ni jua hilo, mjukuu wangu."

"Katibu anataka lundo lipepewe na feni," akasema Redio. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko changu kile ndicho kinachoniamsha mpaka leo.

Tukatandaza mboji ile kwenye tuta, tukapanda miche yote sitini. Jumatano mwalimu akaniita. Majani yalikuwa yameungua kingo, mashina yamelala chini, mengine meusi pale yanapogusana na mboji. Watoto walisimama kuzunguka tuta. Kila mmoja alikuwa na mche wake na jina lake kwenye kijiti.

"Nani alikuwa zamu ya maji?" mwalimu akauliza.

"Kundi la Katibu," wakajibu.

"Tulimwagilia, mwalimu," akasema Katibu. "Asubuhi na jioni."

"Labda mlikunywa wenyewe," akasema Redio.

Mwalimu akanigeukia. "Bibi, wewe unaonaje?"

Watoto wote wakanitazama kama mtu anayejua. Nikasema, "Mche ukikosa maji hufanya hivi."

Ona nilivyolipanga neno langu. Sikusema hawakumwagilia. Nilisema jambo la kweli, nikalitumia kama uongo. Kisha nikaanza kukung'uta mikono yangu, ambayo haikuwa imeshika kitu chochote. Mwalimu akachukua keni kutoka kwa Katibu akampa Redio. Mtoto akaiachia bila kuvuta. Alinitazama mara moja tu, hata siyo kwa hasira. Alinitazama kama anasubiri nimalizie sentensi.

Nyumbani hakununa. Ingekuwa afadhali. Alinisalimu, akaosha vyombo, akatenga maganda ya viazi kwenye ndoo yake kama kawaida. Ila hakuniuliza swali hata moja, na ile nyumba bila maswali yake sikuijua. Kesho yake akaacha daftari wazi mezani, kama anavyoliacha siku zote. Mwandiko wake ni mkubwa, sikuhitaji hata miwani. "Ijumaa. Kijiti bado moto. Bibi anasema ni jua. Jumamosi. Keni nne asubuhi, nne jioni. Jumapili. Keni nne asubuhi, nne jioni. Miche inanyauka. Nimeongeza keni mbili." Mtoto alikuwa amekwenda shule siku za mapumziko kuokoa kitu nilichokiua mimi.

Nilikaa na aibu ile Alhamisi nzima. Nilijiambia nitamnong'oneza mwalimu pembeni, mambo yaishe kiutu uzima. Halafu nikakumbuka kwamba Katibu hakuaibishwa pembeni.

Ijumaa nikaomba nafasi bustanini, darasa zima. Nikamwambia Redio afukue katikati ya lundo kwa jembe. Mvuke ukatoka. Akaruka nyuma akishika pua.

"Sogeeni mnuse," nikasema. "Hili halijaiva. Hata siku ile halikuwa limeiva, na nilijua. Niliongeza samadi mbichi kwa siri kwa sababu niliwaahidi tarehe. Katibu aliniambia bado moto, nikasingizia jua. Mizizi ya miche yenu imeungua humo. Hata mngemwagilia ziwa zima isingepona."

Redio akaiachia pua yake. "Kwa hiyo Bibi ulitudanganya?"

"Ndiyo."

"Na juzi, uliposema maji?"

"Hapo pia."

Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Mtoto mmoja akauliza kama mche wake utarudi, nikamwambia hapana. Masikio yalikuwa yananiwaka, na ilinibidi niendelee kufundisha hivyo hivyo: kwamba joto lile ni la vidudu visivyoonekana vinavyokula maganda, kwamba udongo nao una uhai wa namna hiyo na ukiuharakisha unauumiza, kwamba tutaligeuza lundo na kusubiri. Siku ya wazazi tuta litakuwa tupu, na nitakuja mwenyewe kuwaeleza kwa nini. Redio akampelekea Katibu keni bila kuambiwa. "Shika kitu chako," akasema. "Nzito."

Njiani kurudi nyumbani Katibu alitembea hatua mbili mbele yangu. Tulipofika akaketi uani, ndoo ya maganda katikati ya miguu yake. Nikavuta kigoda.

"Mjukuu wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, Bibi." Alijibu haraka, kama anayeondoa kitu njiani.

"Mbona bado una kitu?"

"Sina."

Kusubiri ninakuweza, ukiondoa wiki ile ya saba. Akaponda ganda la yai kati ya vidole, polepole, mpaka likawa unga, ndipo akasema bila kuinua uso:

"Mwalimu alipouliza darasani nani anajua kutengeneza mboji, ni mimi niliyenyoosha mkono. Akaniuliza nimejulia wapi, nikamtaja Bibi, ndipo akaja kwako. Mimi sikutaka uje. Nilitaka kufundisha mimi."