Kiwanja cha Upande wa Kivuli

Mimi si mtu wa kutulia, na mume wangu analijua hilo. Torgeir anaweza kukaa nusu siku na kikombe kimoja cha kahawa akitazama maji. Mimi dakika kumi tu, nimeshaanza kupanga upya makabati. Kwa hiyo alipopata kazi kwao kaskazini mwa nchi, kwenye vizimba vya kufugia samaki wa samoni, akaniambia tuhame na watoto wote wawili, sikumkatalia. Nilimuuliza swali moja tu: tutakaa wapi?

"Kwetu," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Kwao ni Innervika: nyumba ishirini na mbili, shule, gati, na mlima uliosimama nyuma ya nyumba hizo kwa upande wa kusini. Mama yake, Borghild, mjane wa miaka sabini na minne, alikuwa ametukatia kiwanja pembeni mwa nyumba yake. Ng'ambo ya ghuba, kilomita tatu kwa macho na dakika arobaini na tano kwa barabara, kuna Leirnes. Watu wa Innervika wakiitaja Leirnes wanabinua midomo. "Wale wa ng'ambo wanapenda kujionyesha," Torgeir aliniambia. Wanaonyesha nini, hakusema.

Tulikwenda kukiona kiwanja mwezi wa Juni, na hapo ndipo nilipokosea. Ni kosa letu sote tunaotoka kusini. Juni kule jua halizami. Linazunguka tu, na ikifika saa sita usiku liko kaskazini juu ya maji, linaipiga Innervika usoni. Tulikaa nje na mama mkwe tukila kamba na mkate, watoto wakikimbia pekupeku kwenye majani. Nikamwambia Torgeir, "Hapahapa. Jenga." Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, hakuna aliyenishika koo.

Tuliporudi kwetu kusini, Kristiansand, roho ikaanza kunikereketa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Septemba nikachukua ramani, nikapima kimo cha ule mlima na umbali wake kutoka kwenye kiwanja, nikapiga hesabu mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Jua la majira ya baridi linapita chini sana, upande wa kusini, na kusini mwa Innervika kuna ukuta wa mawe wa mita mia saba.

"Kwenu jua linapotea lini?" nikamuuliza Torgeir akiwa anaosha vyombo.

"Kama kaskazini kote. Linaondoka mwisho wa Novemba, Januari limerudi."

"Hata nyuma ya ule mlima?"

"Ah, mlima. Ingvild, mimi nimekulia pale. Niangalie. Nimekuwa kibyongo kwa kukosa jua?"

Alikuwa anatania, na utani wake ulinichoma. Baada ya kumzaa Aksel, mtoto wetu wa pili, mwezi wa Novemba, nililala miezi mitatu nikitazama ukuta. Sunniva, mkubwa wake, alikuwa na miaka minne. Alikuwa ananiletea biskuti kitandani, anaziweka karibu na mkono wangu, anasimama pale ananingoja, na mimi sikuweza hata kumwambia asante. Hiyo ilikuwa kusini, ambako hata Desemba tunapata saa sita za jua kwa siku. Kilichoniinua ni jua la Machi lilipoanza kuingia hadi kitandani. Torgeir aliyaona yote haya, halafu ananiuliza kuhusu kibyongo.

Kwa hiyo nilijua ninachokichezea. Nikichagua vibaya, narudi kwenye kile kitanda, na safari hii watoto wote wawili wana akili ya kukumbuka. Fundi alitaka karatasi zake zisainiwe tarehe mosi Machi ili aanze msingi theluji ikiyeyuka. Kila nilipolifungua suala hilo Torgeir alinijibu kwamba mama ameshatukatia kiwanja, basi, mjadala umekwisha. Katikati ya Februari nikamwambia nina semina Oslo. Nilimdanganya bila haya, nikapanda ndege hadi Tromsø, kule kaskazini, nikakodi gari.

Nilifika Innervika saa tano asubuhi. Anga juu ilikuwa ya buluu, haina hata wingu, lakini kijiji kizima kimekaa kwenye kivuli cha rangi ya majivu. Taa zinawaka madirishani. Nilishuka garini nikageuka kutazama maji, na ng'ambo ya pili Leirnes yote ilikuwa ya manjano, vioo vya nyumba zao vinang'aa mpaka vinaumiza macho. Nikaelewa sasa wanachokionyesha.

Mlango wa mama mkwe haukuwa na kufuli, kama kawaida. Jiko la kuni lilikuwa na moto mdogo, mwenyewe hayupo. Jirani yake, mzee Oddleif, alikuwa anazoa theluji mlangoni kwake.

"Borghild? Leo Jumanne," akasema. "Jumanne na Alhamisi ana kwaya ng'ambo. Anapanda basi la saa tatu."

"Kwaya asubuhi yote hii?"

"Mwaka wa thelathini huu." Akaegemea koleo lake. "Na sijawahi kumsikia akiimba."

Nikazunguka ghuba nzima kwa gari, nikiendesha kwa kasi ambayo nisingependa Torgeir aijue. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Leirnes jua likanipiga usoni ghafla, ikabidi nisimame pembeni. Macho yalipozoea mwanga nikaendelea.

Sikuhitaji kuuliza kanisa la hiyo kwaya liko wapi. Nyuma ya duka, kwenye ukuta wa mbao unaotazama kusini, palikuwa na benchi, na kwenye benchi ngozi ya kondoo, na kwenye ngozi ya kondoo mama mkwe wangu. Koti lake liko wazi, kofia iko mapajani, macho amefumba. Pembeni yake chupa ya kahawa na maganda ya chungwa. Watu wetu wote wanapenda kuegemea ukuta unaopigwa na jua, hilo si jambo la kuficha. Lakini yeye alikuwa amekaa pale kama mwizi aliyechoka kukimbia.

"Kwaya inaendaje, mama?"

Akafungua jicho moja. "Sogea, unanizibia."

Nikasogea. Nikakaa. Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa bila kuniuliza nimetokea wapi, akanikatia pande la chungwa. Mbao za ukuta zilikuwa na joto mgongoni. Nikaanza kulia, na sikuwa na nguvu ya kujizuia.

"Lia tu," akasema. "Hapa kila mtu anadhani ni mwanga."

Nilipomaliza nikamuuliza kule kwake jua linarudi lini.

"Tarehe kumi na mbili Machi, kama hakuna mawingu. Linafika kwenye sanduku la barua, linakaa dakika nne, linaondoka. Watoto wa shule wanapewa maandazi yenye jamu kulikaribisha."

"Na huku?"

"Januari ishirini na moja. Nao wanakula maandazi. Mimi nakula kotekote."

"Mama, mbona hukuniambia Juni?"

Akamenya chungwa la pili taratibu, ganda moja refu. "Ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Umejijibu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikasimama, nikaenda hadi kwenye kona ya duka, nikarudi. "Wewe unajua nilivyougua. Ulikuja kusini ukanipikia wiki tatu. Ulinilisha kwa kijiko. Halafu unanikatia kiwanja kwenye shimo?"

"Najua. Sijalala vizuri tangu Juni." Hakuniangalia. "Mimi nimezaliwa kisiwa cha nje, mwanangu. Hakuna mlima hata mmoja. Arvid aliponioa akanileta Innervika. Majira ya baridi ya kwanza nikamwambia nataka jua. Akacheka, akasema nitazoea. Nyumba alikuwa amejenga kwa mikono yake. Sikusema tena."

"Ukazoea?"

"Nikajiunga na kwaya."

Nikarudi kukaa.

"Nisipojenga kwako," nikasema, "utabaki na nani?"

"Oddleif yupo."

"Mama."

"Basi, nitabaki peke yangu," akasema. "Unataka niseme nini? Nitabaki peke yangu."

Laiti angenigombeza, ingekuwa rahisi. Nilimpenda sana wakati ule, na niliona aibu, na bado sikuweza. Nikamwambia hivyohivyo. "Siwezi, mama. Nikilala tena vile, sijui kama nitaamka."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikatoa simu nikampigia Torgeir, nikaweka sauti ya nje kwa sababu vidole vilikuwa na maji ya chungwa.

"Oslo vipi?" akasema.

"Siko Oslo. Niko Leirnes, nimekaa na mama yako. Usisaini karatasi za fundi. Mimi na watoto hatukai nyuma ya ule mlima."

Akaanza polepole, kama anavyoanza kila kitu. "Ingvild, umenidanganya. Haya, tutazungumza hilo. Lakini kile kiwanja baba alikiweka kwa ajili yangu. Mama amekitunza miaka yote. Unajua utamuumiza kiasi gani? Huyo mama ameishi pale maisha yake yote na hajawahi kulalamika hata siku moja. Hata siku moja. Sasa wewe, hujakaa hata wiki, unataka kumwambia nyumba yake haifai?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mama mkwe alikuwa ameshajifuta mikono kwenye koti, akaichukua simu kutoka kwangu na kuishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili.

"Torgeir, ni mama. Mimi nahama."

"Unahama? Unakwenda wapi?"

"Huku Leirnes. Nikipata chumba nitapanga chumba. Mkeo akipata nyumba nitakaa na mkeo, akinitaka."

"Mama, amekwambia nini huyo?"

"Hajaniambia kitu. Ameniuliza."

Tulimsikia akihema. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu lini unataka kuhama?"

"Tangu majira ya baridi ya kwanza. Miaka arobaini na tisa."

Upande wa pili kiti kilivutwa, mtu akakaa. Mama mkwe alingoja. Uso wake wote ulikuwa juani na hakufumba macho.

"Upo?" akamuuliza.

"Nipo, mama."

"Basi usisaini."