Maji ya Firigogo

Mwaka wa arobaini na tisa mvua ilinyesha Kathonzweni siku moja tu, ikaacha dimbwi juu ya mwamba, kisha ikaaga. Mbuzi wa Mulei walikuwa wamekufa wote, na hapo ndipo mkewe Mutindi alipojifungua. Mzazi hupewa supu ya mbuzi ili maziwa yashuke. Mulei hakuwa hata na kwato ya kuchemsha, na aibu hiyo ilimkondesha kuliko njaa.

Akaanza kutega ndege. Kila asubuhi firigogo, wale ndege wa nyika wenye rangi ya vumbi, walishuka dimbwini. Majike walipiga mafunda mawili matatu wakaruka zao. Walionaswa ni madume, maana walijilaza majini na kujitikisa hadi manyoya ya kifua yakalowa chepechepe.

"Hawa ni wajinga sana," alimwambia mkewe akipuliza moto. "Watu wanakufa kiu, wao wanaoga."

"Waache waoge, Baba Mbinya," alisema Mutindi, akimpakata mtoto. "Ujinga wao ndio maziwa yetu."

Siku ya tisa dume mmoja aliponyoka mtegoni, bawa limeteguka, akaenda akirukaruka chini chini. Mulei akamfuata hadi kwenye changarawe. Makinda watatu wakachomoka chini ya kijiti, wakamkimbilia baba yao, wakaingiza midomo kifuani mwake na kuyafyonza manyoya.

Kumbe siku zote hizo madume walikuwa wanateka maji. Mulei alipotazama kando aliona makinda wengine, wawili pale, mmoja kule, wamekauka kama maganda. Hao walikuwa wamengoja baba zao, na baba zao aliwachemsha yeye.

Angeweza kumwacha huyu. Lakini Mbinya alikuwa na siku kumi na moja tu duniani, na nyumbani chungu kilikuwa kitupu. Akangoja makinda wamalize kunywa. Kisha akamshika baba yao.

Siku hiyo Mutindi alikunywa supu, mtoto akanyonya akashiba. Mulei hakuonja.

Alfajiri alirudi na kibuyu cha maji na konzi ya manyoya ya yule dume. Akayalowesha, akapiga magoti, akayanyoosha kuelekea kijiti. Makinda walijibanza wakamtazama, hakuna aliyesogea. Akayalowesha tena na tena, akilia waziwazi, mpaka kibuyu kikaisha.