Jani la Barua Moja

"Kitendawili," alisema Monica.

"Tega," waliitikia wasichana, wamechuchumaa chini ya migomba ya mama yake huko Kirua Vunjo, wakichonga nyuzi za kuungia kwenye bomba.

"Nimekificha miaka ishirini na sita, hakiozi wala hakiliwi na mchwa."

"Mahari ya mjomba wangu," alisema Kindness, wakacheka. Waliposhindwa walimpa mji, Sanya Juu. Monica akaenda, akala, akashiba, akarudi. "Jibu mtapata siku ikifika."

Jibu lilikuwa kisasi. Alipomaliza darasa la saba Monica alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Barua ilipitia kwa baba yake mdogo, Leodegar, mwenyekiti wa kitongoji wakati huo. Leodegar aliitia mfukoni, akanyamaza mpaka nafasi ikaenda kwa mwingine. Monica aliambiwa ukweli ukubwani, miaka ishirini na sita iliyopita, na karani mstaafu. Kufikia hapo alikuwa ameshajifunza ufundi bomba kwa kushika spana za watu, ana kibanda chake cha kazi Njoro, mjini.

Alipoanza kupanda mlimani kila Jumamosi kuwafundisha wasichana wa sekondari ya kata, walimu walimsifu kwa moyo wake. Moyo ulikuwepo kweli. Lakini kwenye orodha ya majina jicho lake lilitafuta moja tu: Kindness, mjukuu wa Leodegar.

Huyo mtoto alikuwa anataka kufungua saluni. Baada ya miaka miwili ya Jumamosi alikuwa anapima mteremko wa maji kwa macho, na sasa amechaguliwa kidato cha tano, fizikia, kemia na hisabati, shule ya mbali. Anataka uhandisi wa maji. Monica alishaiona akilini siku yenyewe: Kindness amesimama juu kwenye chanzo cha mfongo, ule mfereji wa ukoo ambao Leodegar ndiye mzee wake na mwanamke haruhusiwi kukanyaga chanzo chake; na Leodegar yuko chini na jembe lake, anangoja kufunguliwa maji.

Ilibaki saini ya mlezi. Kindness alimpa babu yake anayemlea fomu tangu Jumatatu. Leo ni Jumamosi, shule inafunguliwa keshokutwa, na babu anasema fomu hajaiona.

Mara Leodegar mwenyewe akatokea kati ya migomba, na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nimekuja na hili."

Lilikuwa jani la isale, limefungwa fundo. Hakuna mtoto wa Kichagga asiyejua kwamba aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Yaishe, mwanangu. Na huyu mtoto mwambie abaki; maji si kazi ya mwanamke. Anakusikia wewe kuliko mimi."

Monica hakunyoosha mkono. "Mama, isale huja bila kosa kutajwa?"

Mama yake, Dominika, alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Hutajwa. Mbele ya watu."

"Mbele ya hivi vitoto?" aliuliza Leodegar.

"Ni watu hao, shemeji."

Hapo ndipo mzee alipojua amekosea hesabu. Alidhani jani litamsemea. Na kulirudisha nyumbani halijapokelewa ni aibu kubwa zaidi. Akakohoa.

"Niliificha barua yako. Ya sekondari."

"Kwa nini?"

"Julius wangu alikuwa amefeli. Ningewatazamaje watu? Binti wa kaka anapanda gari la shule, wangu anachunga mbuzi."

Julius ndiye baba wa Kindness. Msichana aliweka spana chini, taratibu.

Monica alilipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, baba mdogo. Jani hili ni la barua moja, yangu."

"Babu," alisema Kindness, "fomu yangu iko wapi?"

Mkono wa mzee uliingia ndani ya koti, ukatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Basi hapo pana jani la pili," alisema Monica kwa sauti ya chini. "Masale yapo pale mpakani mwa shamba. Wa kuletewa ni huyo."

Mzee kumpelekea mjukuu isale! Kesho baada ya misa Kirua nzima ingekuwa inalo mdomoni. Hata hivyo Leodegar akaenda mpakani, akainama, akachuma.

"Ulikaze vizuri fundo, shemeji," alisema Dominika.

Alimletea Kindness, akataja kosa. Msichana hakupokea.

"Saini kwanza, Babu. Jani nitalipokea wino ukikauka."

Akasaini juu ya goti, akapokelewa jani lake, akaondoka bila kuaga. Monica alimsindikiza kwa macho mpaka koti likapotelea migombani. Kisasi kilikuwa kitamu, kitamu kama pombe ya mbege iliyoiva.

"Shangazi," alisema Kindness, "kile ulichokificha nimekijua. Mimi nimesamehe kwa mdomo, ila moyoni nimekibakiza kidogo."

"Utakipeleka wapi?"

"Shuleni. Nitakirudisha kule juu, kwenye chanzo."

Monica hakumkanya. Alimwokotea spana yake, wakarudi kwenye bomba.