Arobaini Chini ya Makuti

Bi Mwanatumu wa Munje, ukiiweka dini yake kando, alikuwa na mambo mawili aliyoyaamini kuliko yote hapa duniani: kwamba upepo ni adui wa mzazi, na kwamba nyumba ni bati. La kwanza alirithishwa na nyanya yake. La pili alijifunza mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuhamisha kitanda pembe hadi pembe kila masika, akiyakimbia makuti yaliyovuja.

Basi mwanawe Abdurahman alipopata kazi ya upishi katika hoteli moja Diani, mama hakumpa nafasi ya kupumua. Bati, bati, bati! Kijana akajenga: kuta za matofali, madirisha madogo, na bati jipya ambalo ukilitazama mchana unafumba macho. Siku fundi alipopiga msumari wa mwisho, Bi Mwanatumu alisimama uani, akaubetua mdomo upande wa kibanda cha makuti cha wifi yake Twaiba, hatua thelathini tu kutoka pale, akasema kwa sauti ya makusudi: "Alhamdulillahi! Sasa wenye kulala na tandu na walale nao."

Twaiba alisikia. Nani asingesikia? Tangu siku ile, mwaka mzima, mawifi hao walipeana salamu ya Kiislamu tu, maana kutoijibu ni dhambi, kisha kila mtu akashika njia yake.

Februari ya mwaka uliofuata Warda, mke wa Abdurahman, akajifungua mtoto wa kiume. Mamake Warda alifariki zamani, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda kulelewa uzazi wake ila hapo hapo kwa mkwewe. Bi Mwanatumu alifurahi mpaka akalia. Mjukuu wa kwanza, na arobaini yake ndani ya nyumba ya bati! Kila akifumba macho aliiona siku yenyewe: watu wamejaa uani, chetezo kinafuka udi, na yeye bibi mtu, mtoto mikononi, anakivuka kizingiti cha nyumba yake huku vigelegele vinapigwa. Heshima hiyo ya kumtoa mtoto nje ilikuwa yake, na alikuwa ameshanunua leso ya kuvaa.

Akaingia kazini. Asubuhi na jioni alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa mkaja, akamnywesha uji wa pilipili manga. Dirisha akaliziba kwa gunia. Chini ya kitanda akaweka jiko la mkaa, liwake kutwa kucha. Na mtoto, ambaye siku ya saba alipewa jina la Sharif, akazongwa leso tatu na kofia ya sufu.

"Mama, naona joto," alisema Warda.

"Joto ndiyo dawa, mwanangu. Mifupa yako iko wazi. Baridi ikikuingia leo, utaijua uzeeni."

"Basi maji ya mtungi, funda moja tu."

"Toba! Maji ya baridi kwa mzazi? Mwacha mila ni mtumwa."

Na joto la mwaka ule lilikuwa joto kweli. Kuna wazee wanaosema kila mwaka kwamba hawajaona jua kama hili. Safari hii hawakutia chumvi. Kuku walikuwa wakihema midomo wazi. Bati lilikuwa likialika tangu saa nne asubuhi mpaka magharibi. Mle ndani, juu bati, chini mkaa, Warda alilala amelowa jasho, kichwa kinamzunguka, akaona haya kulalamika tena kwa mtu anayempenda hivyo.

Siku ya tisa Sharif alilia asubuhi nzima. Saa sita akanyamaza, na Bi Mwanatumu akashukuru Mungu kwamba amelala. Lakini Warda alipompa ziwa hakulishika. Akampa tena, midomo ikateleza tu. Macho yake yalikuwa nusu wazi, hayatazami kitu.

"Baridi imemwingia!" alisema Bi Mwanatumu. Akapiga magoti, akaongeza mkaa. Lo, mapenzi nayo yana upofu wake!

Alikuwa bado analipepea lile jiko hodi ilipopigwa. Alikuwa Kahaso, mwanamke wa Kiduruma aliyeolewa hapo kijijini, mhudumu wa afya anayezunguka nyumba za wazazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, mtoto ameingiwa na baridi."

Kahaso aliingia, lile joto likamrudisha hatua moja, akaingia tena. Alimtia mtoto kipimajoto kwapani, akasubiri, akakisoma mara mbili. "Tangu asubuhi amekojoa?"

"Bado," alisema Warda, na machozi yakaanza kumtoka.

"Mama," Kahaso alimgeukia Bi Mwanatumu kwa upole, "huyu hana baridi. Huyu anaungua. Thelathini na nane na nusu." Mikono yake ilikuwa tayari inavua kofia, inafungua leso moja baada ya nyingine. "Ni hatari, sikufichi. Tumtoe humu sasa hivi, tumpeleke penye ubaridi, anyonye, nimpime tena. Namwita mtu wa bodaboda akae tayari hapo nje. Nusu saa ikipita joto halijashuka, au hajanyonya, ni hospitali, hakuna mjadala."

Wampeleke wapi? Sebuleni bati, jikoni bati. Uani jua la utosi. Wanawake wote watatu walijua penye ubaridi ni wapi, na hakuna aliyethubutu kupataja. Ni pale, hatua thelathini, penye kuta za udongo na makuti yaliyopandana mpaka jua halioni tundu.

Mzazi kuvuka kizingiti siku ya tisa! Na Mwanatumu kupiga hodi kwa Twaiba! Hata hakujua lipi zito zaidi. Kisha akaitazama midomo ya mjukuu wake, jinsi ilivyokauka, na yote mawili yakamtoka kichwani.

"Warda, jifunike kichwa. Twendeni."

Alimbeba mtoto mwenyewe, kamtandia leso moja nyepesi. Mchanga ulimchoma nyayo, maana alisahau hata viatu.

"Hodi!"

"Nani?" Twaiba alikuwa ameketi ndani, anamwona wazi kabisa.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mwenye makosa, wifi. Tupokee, mtoto anatuponyoka."

Twaiba alikuwa na maneno yake ya mwaka mzima, ameyapanga, ameyapamba, anaingoja siku. Alipomwona yule mtoto akayameza yote. "Piteni! Piteni upesi!"

Ndani mlikuwa na kigizagiza, na sakafu ilikuwa imenyunyizwa maji. Warda aliketi kwenye kitanda cha kamba akashusha pumzi ndefu. Kahaso akampangusa mtoto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Twaiba aliteka maji ya mtungini kwa kata, akayashika, akamtazama wifi yake.

"Mpe," alisema Bi Mwanatumu. "Mpe hata ya pili."

Warda alikunywa kata tatu. Akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamgusa shavu kwa chuchu. Hakuna. Akamgusa tena. Hakuna. Nje ya mlango mwenye pikipiki alikuwa ameshafika. Bi Mwanatumu aliketi chini sakafuni, akaomba kimoyomoyo: Ya Rabbi, kama ni kiburi changu unakitaka, kichukue chote. Huyu niachie.

Aliogopa kuhesabu dakika. Mara akasikia kitu kidogo sana, sauti ya koo dogo linalomeza. Ikakatika. Ikaja tena.

"Anameza," alisema Warda. "Mama, anameza!"

Nusu saa ilipotimia Kahaso akapima: thelathini na saba na nukta tatu. Na mtoto, kama kuthibitisha, akamkojolea. Kahaso akacheka, akamruhusu mwenye pikipiki aende, akasema atarudi jioni kupima tena, na kesho asubuhi. Bi Mwanatumu alilia kwa sauti, hakujificha. Twaiba akamsogelea, akamfuta uso kwa ncha ya leso yake mwenyewe.

"Usitukane wakunga, wifi," alisema.

"Na uzazi ungalipo," Bi Mwanatumu akamalizia, na kilio kikageuka kicheko.

Basi arobaini ikaendelea kwa Twaiba. Kukandwa kulibaki, ila alfajiri tu na kwa maji ya uvuguvugu. Uji ulibaki, na mchuzi wa pweza ukaongezwa, maziwa yakajaa mpaka Sharif akapaliwa. Mlango ulikuwa wazi, jiko lilikuwa uani kwa kupikia, na ile kofia ya sufu Twaiba alishikia sufuria. Abdurahman alipokuja Ijumaa akaikuta nyumba yake imefungwa.

"Mama, kwani nyumba imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, mwanangu. Imebaki inajikaanga peke yake."

Siku ya arobaini uwanja ulijaa. Chetezo kilifuka udi. Bi Mwanatumu alitoka kwenye mlango ule mfupi wa kibanda, leso mpya mabegani, mikono mitupu. Watu wakatazamana. Nyuma yake, ameinama asimgonge mtoto kichwa, akatoka Twaiba, Sharif mikononi, mnene, macho makubwa. Heshima ile alikuwa amepewa yeye. Vigelegele vikapigwa.

Bi Mwanatumu alingoja vigelegele vitulie. Kisha akaenda kusimama pale pale aliposimama mwaka jana, akapaza sauti ile ile ya makusudi, kila mtu asikie:

"Wifi! Kesho uje unifundishe tena kushona makuti. Nataka niyalaze juu ya bati langu, yapandane kama yako."

"Na tandu je?" alijibu Twaiba.

"Waje nao."