Raizoni za Marehemu

Imrani hakuwa mtu wa kununua kiatu kwa macho. Pale kwenye mitumba, Makole, alikuwa anaingiza kidole gumba, anabonyeza kisigino, anakirudisha. "Kinabonyea." Cha pili, kinabonyea. Muuzaji akachoka.

"Kaka, unanunua kiatu au embe?"

Salwa, mkewe, alicheka mpaka akashika mbavu, ila moyoni alimvulia kofia. Mwaka jana, kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma, mumewe alifikisha chuma juu ya kichwa, raba laini zikadidimia, akaenda chali mbele za watu. Safari hii akianguka, timu ya mkoa hana. Viatu vyenyewe vya kazi hiyo, vigumu, vyenye kisigino kilichoinuka, viko Dar, na bei yake usiulize!

Wakarudi mikono mitupu. Ndipo Salwa akakumbuka viatu vya marehemu baba yake, raizoni za zamani. Mzee alioa nazo, enzi zile vijana wakijirefusha kwa visigino vya mbao, na mama yake Salwa, Bi Adija, alizitunza sandukuni akizipaka rangi kila Idi. Salwa akazichukua bila kuomba. Imrani akabonyeza kisigino, hakikubonyea. Meno yote nje!

Fundi viatu akapunguza soli ya mbele, akakata kisigino nusu, akashonea mkanda. Hapo sasa Salwa akaingiwa na baridi. Kilichokatwa kimekatwa, na mama hajui.

Siku ya mashindano, Bi Adija huyo, safu ya mbele, pembeni ya binti yake. Imrani alipotokeza, ukumbi ukaangua kicheko. "Raizoni! Disko liko wapi?" Wacheke tu. Mwanaume hakupepesa hata jicho. Akachuchumaa, akavuta, akaingia chini ya chuma, akasimama nacho. Visigino vilitulia sakafuni kama mafiga. Jamani, yule mtu alisimama! Waliokuwa wanacheka ndio waliopiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Timu ya mkoa akaipata palepale.

Salwa alilia kwa furaha, lakini hakuthubutu kumtazama mama yake. "Mama, nisamehe."

"Nimevijua tangu anatoka mlangoni," Bi Adija alisema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Baba yako, Mungu amrehemu, siku ya harusi nilimshika mkono njia nzima asianguke navyo."

Akamtazama Imrani, ambaye sasa alikuwa amebebwa juu juu na wenzake, viatu vikining'inia hewani.

"Idi ikifika, mwambie avilete. Nitavipaka rangi."