Mdogo Wake Anagombea

Fundi cherehani alikuwa anashona pindo la sketi ya shule, mdogo wake akaingia mbio na fomu mkononi.

"Dada, akina mama wa sokoni wamenipendekeza. Nigombee udiwani!"

Mguu wa fundi ukaganda juu ya pedali. "Wewe?"

"Mimi."

Miaka ishirini nyuma, fundi ndiye aliyewaongoza wanawake kudai choo cha soko. Aliongea mpaka sauti ikakauka, na choo kikajengwa. Alipotaka kugombea udiwani, baba yao akakataa katakata. Tangu siku hiyo, kazi yake ni kushona. Leo kitinda mimba huyu, aliyebebwa naye mgongoni, anapewa nafasi ile ile bila hata kuomba.

"Hongera," alisema. Akakanyaga pedali tena.

Wiki hizo roho haikutulia. Kila mteja alikuja na sifa za mdogo wake, naye akaitikia huku ana pini mdomoni, asijulikane anavyouma meno. Siku moja muuza mkaa akamwuliza anamwonaje mgombea. Ulimi ukateleza.

"Mtoto yule! Hata chai kuchemsha mpaka akumbushwe. Ataliweza baraza?"

Wakacheka wote wawili. Fundi akasikia raha ambayo hakuwa nayo siku nyingi.

Jumamosi mchana ukumbi wa shule ulijaa. Mdogo wake alikuwa anaeleza habari za wasichana wanaotoka kazini njia ikiwa giza totoro, muuza mkaa akainuka.

"Binti, dada yako mwenyewe kasema wewe bado mtoto, hata chai inakushinda. Sisi tukuamini vipi?"

Watu wakaangua kicheko. "Kaa chini!" mmoja akapiga kelele.

Mdogo wake hakumtazama muuza mkaa. Alimtazama dada yake.

Fundi akajikuta amesimama. "Nilisema, ni kweli. Nilisema kwa wivu. Pale mbele nilitaka kusimama mimi, nikazuiwa, nikanyamaza. Huyu hajanyamaza. Mkimkalisha leo, mabinti zenu nani atawasemea?"

 Akina mama wa sokoni wakaanza kupiga makofi.

Walipokaribia nyumbani, mdogo wake akasema:

"Ungeniambia tu, dada."

"Nikuambie nini? Kwamba nakuonea kijicho? Hilo mtu analisemaje?"

"Kama ulivyolisema leo. Ila siyo mbele ya watu mia tatu."

Wakacheka, japo mdogo mtu alikuwa bado ana machozi.

Alishinda kwa kura chache. Siku ya kuapishwa fundi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, na wivu ukamchoma vilevile, akarudi nao nyumbani.

Kesho yake wasichana wawili wakabisha hodi kibandani kwake. Hawakuleta nguo.

"Tulikusikia ukumbini, mama. Tunataka utufundishe kuongea mbele za watu."

 Fundi akaondoa vitambaa kwenye benchi, akawakaribisha wakae.